Hedifoni isiyoumiza kichwa kwa shilingi 40,000, inapatikana Kigoma?

#1 Mnukuzi_Gungu
Habari za jioni, wanajukwaa. Ninaishi Gungu, Kigoma, na kazi inayonipatia riziki ni kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na watafiti na kuyaandika neno kwa neno. Siku ya kawaida hedifoni hukaa kichwani tangu asubuhi hadi adhuhuri, na hurudi tena usiku ikiwa faili linatakiwa kesho yake. Tatizo langu si sauti. Ninayo hedifoni ya waya niliyoinunua Mwanga kwa shilingi 18,000, na ninamsikia vizuri hata mhojiwa anayenong'ona, lakini haupiti muda mrefu kabla sehemu ya juu ya sikio, pale mkono wa miwani unapopita, haijaanza kuuma, kisha maumivu hupanda hadi kwenye panja. Nikiivua, masikio yana moto na nywele zimelowa jasho.

Nina 40,000 na haitaongezeka mwezi huu. Naomba kujuzwa kama mbaya ni hedifoni, miwani au kichwa changu, na kama ni hedifoni, ninunue ya aina gani inayopatikana hapa bila kuagiza Dar es Salaam. Sihitaji ya Bluetooth, kwa kuwa kompyuta yangu ina tundu la waya.

#2 Mwisho_wa_Reli
Karibu, ndugu. Kabla hatujakilaumu kichwa chako, igeuze hiyo hedifoni uangalie upande wa ndani. Wauzaji wetu huita "hedifoni kubwa" kila kitu chenye upinde, ilhali zipo aina mbili zisizofanana hata kidogo: ile ambayo sponji yake hulala juu ya sikio na kulibana kwenye fuvu, na ile ambayo sponji yake hulizunguka sikio na kuegemea kwenye mfupa ulio nyuma yake. Ya kwanza itakuumiza hata ikishonwa kwa hariri, kwa sababu gegedu la sikio likishabanwa kati ya sponji, mkono wa miwani na fuvu, halina pa kukimbilia.

Nenda dukani na rula. Sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita 6 hivi, kwa hiyo tundu la ndani la sponji likiwa chini ya hapo, irudishe mezani bila kujali muuzaji anasema nini. Usipime upana wa nje, maana nimeona vikombe vipana ambavyo tundu lake halipitishi hata vidole vitatu.

#3 Asali_Mbichi
Salaam kutoka Isevya, Tabora. Ninaheshimu maelezo ya #2, ila ameruka jambo la msingi, nalo ni nguvu ya upinde. Mimi nilinunua ile inayozunguka sikio, tundu lake la kutosha kabisa, na bado ilinibana mataya hadi nikawa napiga miayo ili yaachie. Dawa yake haikunigharimu hata senti: niliivisha kwenye rundo la vitabu lililozidi kidogo upana wa kichwa changu, nikailaza hivyo usiku, na nikarudia hadi upinde ukalegea. Sasa ninaivaa nikiwa kwenye cherehani mchana kutwa. Kabla mwenye uzi hajatoa 40,000 yake mfukoni, ajaribu vitabu kwanza.

#4 Fundi_wa_Katubuka
Dada Asali, ushauri wako unafaa kwa hedifoni yenye chuma ndani ya upinde. Kwa upinde wa plastiki tupu, na ndio uliopo kwenye nyingi zinazouzwa chini ya 20,000, vitabu hufanya moja kati ya mawili: ama plastiki hujirudi saa chache baada ya kuondolewa, ama hupasuka pale upinde unapoingia kwenye kiungo cha kurefushia. Huletwa mezani kwangu zikiwa zimepasuka hapo hapo, kwenye tundu la skrubu, na gundi haishiki kwa sababu ndipo mvutano wote unapokutana.

Namna ya kutambua ni kuvuta kile kipande cha kurefushia hadi mwisho wake. Ukiona utepe wa chuma, unaweza kuukunjua taratibu kwa mikono miwili, ukishika chuma chenyewe na si vikombe. Ukiona plastiki mwanzo mwisho, iache kama ilivyo.

#5 Asali_Mbichi
Ya kwangu ni plastiki mwanzo mwisho, fundi, na haijapasuka.

#6 Fundi_wa_Katubuka
Bado.

#7 Zamu_ya_Usiku
Mimi ni muuguzi, na ningependa kutenganisha maumivu mawili ambayo mwenye uzi ameyataja kwa mkupuo mmoja. Maumivu ya juu ya sikio ni ya ngozi na gegedu kubanwa, na hapo #2 ameeleza vizuri. Maumivu ya panja ni habari nyingine. Katika uainishaji wa kimataifa wa maumivu ya kichwa ipo aina inayotokana na kichwa kubanwa kwa nje, iwe ni kwa kofia ngumu, kwa miwani ya kuogelea au kwa kitu kingine cha namna hiyo. Huanza ndani ya saa moja kitu kikiwa bado kinabana, hukaza zaidi pale kinapobana, na hutoweka ndani ya saa moja baada ya kukivua. Mnukuzi, ukiivua hedifoni saa sita mchana, je, kichwa kimeshatulia kufikia saa saba? Kama kimetulia, shughulika na mbano. Kama hakitulii, au sikio linatoa uchafu, au unasikia upande mmoja hafifu kuliko mwingine, usinunue chochote kabla hujachunguzwa masikio, kwa sababu nta iliyoshindiliwa na vidonda vya ndani ya sikio havitibiwi kwa sponji mpya.

#8 Mzee_wa_Kanyenye
Vijana, mnahangaika na sponji wakati siri iko kwenye omu. Soma boksi, tafuta namba yenye alama ya Ω, uchukue kubwa kuliko zote zilizopo dukani. Omu kubwa ndiyo nguvu ya sauti. Ukiwa na nguvu ya kutosha, hedifoni haina haja ya kukubana ili usikie, na maumivu yatakwisha yenyewe.

#9 Mitambo_Redioni
Shikamoo, mzee wangu. Ninafanya kazi na mitambo ya sauti, kwa hiyo nitaomba radhi kupingana nawe hadharani. Omu ni kipimo cha ukinzani, si cha nguvu. Kwa simu au kompyuta ya kawaida, hedifoni yenye omu 16 hadi 32 ndiyo inayofaa, kwa sababu chombo chenye betri ndogo huweza kuisukuma bila shida. Zile za omu 250 zilitengenezwa kwa ajili ya vikuza sauti vya studio, na ukichomeka moja kwenye simu utasikia sauti imefifia hata ukipandisha hadi mwisho. Kinachokuambia hedifoni itapaza sauti kiasi gani kwa umeme ule ule ni namba nyingine, ile iliyoandikwa kwa desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa kila miliwati. Na hakuna kati ya hizo inayohusiana na mbano wa upinde.

#10 Mzee_wa_Kanyenye
Marahaba. Redio yangu ya zamani haikuwa na miliwati na tuliisikia nyumba ya tatu.

#11 Dagaa_wa_Kibirizi
Mzee, nyumba ya tatu hawakuwa na hiari.

#12 Mnukuzi_Gungu
Asanteni sana. Nimepima: tundu la sponji ni sentimita 4 na nusu, kwa hiyo #2 amepatia, yangu hulala juu ya sikio. Kwa #4, nimevuta kipande cha kurefushia na nimeona chuma. Kwa dada muuguzi, ndiyo, kichwa hutulia kabla saa haijaisha, na masikio yote mawili yanasikia sawa. Sikutaja kwamba miwani yangu ina fremu nene ya plastiki. Nyembamba za chuma zilikuwa ghali kuliko uwezo wangu.

#13 Mwalimu_Cheyo
Hiyo fremu ndiyo mshtakiwa wa kwanza, na ninashangaa imetajwa kwenye posti ya kumi na mbili. Mimi huvaa miwani pia, na nimejaribu hedifoni ile ile nikiwa na miwani na nikiwa sina: bila miwani ninamaliza kusahihisha mitihani ya darasa zima nikiwa na amani, nikiwa na miwani ninaivua kabla sijafika nusu. Mkono mnene wa plastiki unainua sponji na kuacha ufa mbele na nyuma yake, hivyo mbano wote unaotakiwa kusambaa kwenye duara zima hukusanyika kwenye mstari mmoja wa upana wa kalamu. Kinachonisaidia ni kupandisha mikono ya miwani ipite juu zaidi, karibu na nywele, si pale inapokalia sikio. Miwani inainama kidogo puani, na wanafunzi wangecheka wakiniona, lakini sikio linapumua. Kama fedha ni 40,000 tu, ninamshauri aulize kwanza bei ya fremu nyembamba.

#14 Mwisho_wa_Reli
Mwalimu, fremu nyembamba ikilala chini ya sponji inayokandamiza sikio bado ni waya unaokandamizwa kwenye gegedu. Nimeiona kwa mke wangu. Utabadilisha kidonda kipana kuwa chembamba.

#15 Mitambo_Redioni
Ufa alioutaja Mwalimu una athari nyingine ambayo watu huisahau. Sponji isipoziba vizuri, sauti nzito ndizo hutoroka kwanza, kisha kelele za nje huingia, na msikilizaji bila kujua hupandisha sauti ili afidie. Mnukuzi anapaswa kujiuliza anasikiliza kwa kiwango gani, kwa sababu kuchoka kwa kichwa hakuletwi na kubanwa tu. Mtu aliyesikiliza sauti ya juu kutwa huvua hedifoni akiwa na uchovu na mlio masikioni, akadhani ni upinde.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa jumla ya saa 40 kwa wiki, na kila sauti ikipanda desibeli 3, muda huo hukatwa nusu. Maana yake kwa desibeli 83 unabaki na saa 20, na kwa 86 saa 10 tu. Anayefanya kazi kwa saa nyingi kama mwenye uzi hana nafasi ya kuchezea kitufe cha sauti.

#16 Zamu_ya_Usiku
Ninakubali hesabu, lakini sikubali kwamba ndicho kinachomsumbua. Amesema maumivu huanzia juu ya sikio, pale pale mkono wa miwani unapopita, na hana mlio masikioni. Sauti kubwa huharibu usikivu bila kumwambia mtu "hapa panauma".

#17 Mitambo_Redioni
Hajasema hana mlio. Hajaulizwa.

#18 Mnukuzi_Gungu
Sina mlio. Ila ni kweli kwamba hupandisha sauti majirani wanapowasha mashine ya kusaga.

#19 Bi_Mkubwa_Ujiji
Nimesoma yote, na hakuna aliyegusa lile neno la jasho. Hapa kwetu kando ya ziwa joto lina unyevu, na hizo ngozi bandia hazipitishi hewa hata chembe. Sikio likifungiwa humo hutoa jasho, ngozi hulainika, na ngozi iliyolainika huchubuka kwa mbano ambao ingeuvumilia ikiwa kavu. Kisha ngozi bandia yenyewe huanza kubanduka vipande vyeusi, ukivua hedifoni unakuta magamba shingoni na kwenye kola ya nguo nyeupe.

Mimi ninashona vifuniko vya sponji kwa pamba ya fulana kuukuu. Unakata duara lililozidi sponji kwa vidole viwili kila upande, unatoboa tundu katikati la ukubwa wa tundu la sponji, unapinda ukingo wa nje na kupitisha mpira mwembamba wa lastiki, kisha unavisha kama unavyovisha kifuniko cha mtungi. Vinafuliwa kila siku mbili. Mjukuu wangu anasomea chuo kwa njia ya masafa na hajalalamika tena. Mnukuzi, kutoka Gungu hadi Ujiji si mbali, ukija na hedifoni yako nitakupimia.

#20 Asali_Mbichi
Bibi, shikamoo. Kuhusu kubanduka, mimi sina uhakika kwamba ni unyevu wa ziwa. Tabora mwezi wa tisa na wa kumi hewa ni kavu hadi midomo inapasuka, na bado sponji zangu zilibanduka zote. Ninashuku mafuta ya nywele.

#21 Fundi_wa_Katubuka
Ngozi bandia ya aina hiyo ni kitambaa kilichopakwa utando wa polyurethane, na utando huo huvunjwavunjwa na maji, yawe ya hewani au ya jasho. Hewa ya Tabora ikiwa kavu, shingo yako si kavu. Mafuta nayo huilainisha. Nimeona zilizobanduka zikiwa ndani ya boksi, hazijavaliwa kabisa, kwa sababu zilikaa ghalani muda mrefu. Kwa hiyo unaponunua, ikunje kidogo sponji kwa kidole gumba: ukiona mistari midogo kwenye kunjo, hiyo ni kuukuu hata kama imefungwa nailoni.

#22 Mitambo_Redioni
Pongezi kwa Bi Mkubwa kwa vifuniko. Nitaongeza angalizo dogo tu: pamba ikipita mbele ya spika iliyo ndani ya kikombe hupunguza kidogo sauti nyembamba, kama "s" na "f", na mtu anayenukuu maneno anazihitaji hizo kuliko anayesikiliza muziki. Kitambaa kiishie kwenye ukingo wa tundu, kisilifunike.

#23 Bi_Mkubwa_Ujiji
Marahaba, Asali. Na wewe mwenye mitambo, ndiyo maana nimesema unatoboa tundu katikati. Soma tena, mwanangu.

#24 Dagaa_wa_Kibirizi
Kwa nini tunazunguka mbuyu? Iyafoni za kuingiza masikioni zinauzwa 5,000 kila kona, hazigusi miwani, hazina upinde, hazina jasho, na 35,000 inabaki ya migebuka. Hata hizi zenye jina, kama Oraimo, hazifiki bajeti yake.

#25 Mwalimu_Cheyo
Kwa nusu saa ya taarifa ya habari, sawa. Kwa kazi ya kutwa, zinahamisha maumivu kutoka nje kwenda ndani. Nilizitumia, na upande wa kulia ulikuwa ukiuma kila mara huku wa kushoto ukiwa salama.

#26 Zamu_ya_Usiku
Hilo la upande mmoja ni la kawaida, Mwalimu, kwa sababu matundu mawili ya masikio ya mtu yuleyule hayalazimiki kulingana. Kwenye boksi huja vipira vya silikoni vya saizi tatu, watu wengi hutumia vile vilivyokuja vimevishwa na kutupa vingine. Unaruhusiwa kabisa kuvaa kidogo kulia na cha kati kushoto. Vipo pia vya sponji laini ambavyo hupata joto la mwili na kutanuka taratibu, vinabana kidogo zaidi lakini kwa usawa. Ninachokiogopa ni usafi: tundu la sikio lililofungwa kutwa huwa na joto na unyevu, na anayeoga ziwani kisha akaziba sikio kabla halijakauka anakaribisha maambukizi.

#27 Dagaa_wa_Kibirizi
Sasa hata kuoga ziwani kumekuwa kosa. Nimekaa Kibirizi tangu kuzaliwa na masikio yangu ni mazima.

#28 Zamu_ya_Usiku
Nimesema akaushe sikio kwanza. Sikukataza ziwa.

#29 Mwisho_wa_Reli
Turudi kwenye ununuzi. Kuna jina ambalo litatajwa tu, na ni heri nilitaje mimi: Sony MDR-ZX110. Ni nyepesi, takriban gramu 120, na watu wengi huipendekeza kwa wenye kipato kidogo. Lakini mwenye uzi asiinunue kwa sifa hiyo, kwa kuwa nayo hulala juu ya sikio, haizunguki. Uzito mdogo humwokoa utosi, haumwokoi gegedu. Isitoshe, nakala bandia ni nyingi kiasi kwamba jina lililo kwenye boksi halina thamani ya ushahidi.

#30 Mzee_wa_Kanyenye
Hapo kwenye uzito nina la kusema, na safari hii mtanikubalia. Sony walipotoa Walkman mwaka 1979, ilikuja na hedifoni ndogo sana yenye utepe mwembamba wa chuma na visponji vyepesi vilivyogusa sikio kama havitaki. Tulizivaa tukiwa safarini kwenye treni ya Reli ya Kati usiku mzima na hakuna aliyelalamikia panja. Kampuni ya Koss nayo ilitoa Porta Pro mwaka 1984 kwa mtindo unaokaribiana na huo, na bado inatengenezwa. Ninyi mmezoea vitu vinavyofunika nusu ya kichwa, kisha mnaomba dawa. Mnukuzi atafute hedifoni nyepesi ya sponji wazi. Inalala juu ya sikio, naam, lakini hailibani, na hewa inapita.

#31 Mitambo_Redioni
Mzee, hapa ninakuunga mkono kwa starehe yake. Kizuizi ni kimoja: sponji wazi haizuii kelele, na mwenye uzi ana mashine ya kusaga jirani. Atapandisha sauti, na tutarudi kwenye hesabu ya desibeli.

#32 Mzee_wa_Kanyenye
Afanye kazi usiku, mashine ikiwa imelala.

#33 Mnukuzi_Gungu
Usiku watoto wamelala chumba hicho hicho, mzee wangu, na sponji wazi humwaga sauti nje. Wahojiwa wengine huzungumza mambo ambayo hayapaswi kusikiwa na mtu mwingine, kwa hiyo hata mchana ningependa ile iliyofungwa.

Jana nilipita Mwanga. Duka moja lina hedifoni inayozunguka sikio kwa 35,000, tundu la sentimita 6 na robo kwa urefu, upinde una chuma. Nilipoijaribu kwenye simu yangu, muziki ulisikika lakini sauti ya mwimbaji ilikuwa kama imezama kisimani. Muuzaji akasema ndivyo "besi" ilivyo. Je, ni mbovu?

#34 Fundi_wa_Katubuka
Besi haimzamishi mwimbaji. Kuna mambo mawili. La kwanza, pini haikuingia hadi mwisho, hasa kama simu yako ina kava nene; waya wa pamoja wa pande mbili ukikosa mguso, kinachobaki ni tofauti kati ya kulia na kushoto, na kwa kuwa mwimbaji hurekodiwa sawa pande zote, yeye ndiye anayepotea. La pili, pini yenye maikrofoni ina pete tatu nyeusi, na zipo simu za zamani ambazo mpangilio wa sehemu mbili za chuma zilizo karibu na waya ni kinyume na wa hedifoni za sasa. Rudi dukani, vua kava, sukuma pini hadi usikie mlio mdogo wa kubana. Sauti ikibaki vile vile, bonyeza na ushikilie kitufe cha maikrofoni: mwimbaji akirudi, hedifoni ni nzima, tatizo ni mpangilio wa pini. Asiporudi, iache hapo hapo.

#35 Mwalimu_Cheyo
Na uijaribu ukiwa umekaa nayo, si kwa dakika moja ya kuchungulia. Muuzaji mwenye staha atakupa kiti. Vaa miwani yako, inama kama unavyoinama ukiandika, tafuna kitu, kwa maana taya likisogea ndipo utajua kama ukingo wa chini wa sponji unagonga kiungo chake.

#36 Mwisho_wa_Reli
Ninaongeza: ipime ikiwa imerefushwa hadi kiwango chako. Upinde ukivutwa hadi tundu la mwisho ndipo vikombe hukaa kwenye masikio, ujue ni ndogo kwako, na mbano wote utaelekea juu ya utosi.

#37 Asali_Mbichi
Kama ana chuma, basi arudi kwenye vitabu vyangu kabla hajanunua. Ya zamani nayo ina chuma, amesema mwenyewe kwenye #12. Kwa nini tumwambie atoe 35,000 ilhali rundo la vitabu ni bure?

#38 Mwisho_wa_Reli
Kwa sababu tundu ni sentimita 4 na nusu, dada. Chuma ukikikunjua, sponji bado italala juu ya sikio.

#39 Asali_Mbichi
Italala kwa upole.

#40 Mnukuzi_Gungu
Nimefanya yote mawili. Hedifoni ya zamani nimeikunjua chuma kama alivyoeleza fundi, na imepungua kubana, ila upande wa kushoto sasa hauzibi na inateleza nikiinama. Ile ya 35,000 nimeichukua. Mwimbaji alirudi baada ya kuvua kava. Panja limetulia. Juu ya sikio bado kuna maumivu madogo, na joto limezidi kuliko ile ya mwanzo, kwa hiyo Jumamosi nitakuja Ujiji kwa Bi Mkubwa.

#41 Mwalimu_Cheyo
Panja limetulia, mahali pa miwani bado panauma. Nilisema nini?

#42 Zamu_ya_Usiku
Panja limetulia kwa sababu mbano umepungua, Mwalimu. Fremu haijabadilishwa.

#43 Bi_Mkubwa_Ujiji
Nakusubiri. Njoo na fulana kuukuu ya pamba tupu, si ile inayong'aa ya mpira wa miguu, hiyo haifyonzi jasho.

#44 Asali_Mbichi
Fundi, naomba kuuliza kwenye uzi huu huu, maana zangu zimeisha kubanduka. Unauza sponji za akiba? Kikombe changu kina umbo la yai, urefu milimita 90 kwa 75.

#45 Fundi_wa_Katubuka
Nilizonazo ni za duara, milimita 70 na 80. Za umbo la yai huletwa na mwenzangu kutoka Kariakoo, na huwa hazilingani hata zikiandikwa kipimo kimoja. Nitumie picha ya kikombe ukiwa umeitoa sponji, upande wenye meno ya kushikia, na uweke rula kando yake.

#46 Dagaa_wa_Kibirizi
Milimita 90? Hayo ni masikio au milango ya mizinga? Tabora mna mambo.

#47 Asali_Mbichi
Picha nimetuma, fundi. Huyo wa Kibirizi usimjibu.